Afisa ustawi wa halmashauri nataka kuomba PhD ya ustawi wa jamii: nianzie wapi?

Afisa_Iringa aliuliza:

Habari zenu wadau. Mimi ni afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri moja mkoani Iringa. Shahada ya kwanza nilisoma Kijitonyama, Taasisi ya Ustawi wa Jamii, na ya uzamili nikamalizia Chuo Kikuu Huria huku nikiwa kazini. Sasa nataka kuomba uzamivu, na kadiri ninavyopekua tovuti za vyuo ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

Niseme kwanza kinachonisukuma. Huku kwetu mabinti wengi wanachukuliwa vijijini, Mufindi na Kilolo, kwenda kufanya kazi za ndani Dar. Anakuja mtu anayefahamika na familia, anaahidi mshahara na cherehani, mzazi anakubali. Mwaka juzi nilimpokea stendi ya Igumbilo binti wa miaka 15 aliyerudishwa baada ya kupigwa na mwajiri. Dawati la jinsia la polisi wa huko Dar ndilo lililomkatia tiketi. Alishuka na begi la mgongoni lililokatika zipu, limefungwa kwa kamba ya katani. Nikampeleka mwenyewe hadi kwa bibi yake, nikajaza fomu, bibi akaweka dole gumba, nikafunga jalada: "ameunganishwa na familia". Mavuno yalipoisha nikapita pale kijijini. Hayupo. Amerudi Dar, na safari hii hakuchukuliwa na mtu, alikwenda mwenyewe. Jalada bado linasema ameunganishwa.

Tangu hapo nataka kujua wale wengine wamefikia wapi. Nataka kujua kwa utafiti, si kwa kubahatisha.

Maswali yangu: Kuna tofauti gani kati ya PhD na hii inayoitwa DSW (Doctor of Social Work)? Kuna wakala ameniambia atanipatia DSW ya Marekani kwa njia ya mtandao "bila utafiti mzito", na anataka shilingi 1,500,000 kabla hata hajanitajia chuo. Pili, nisome hapa nyumbani, Afrika Kusini au mbali zaidi? Nina mke na watoto wawili. Tatu, nina majalada ya kesi ya miaka mingi kabatini, je, naweza kuyatumia kama data? GPA ya uzamili ni 3.8.

Natanguliza shukrani.

---

Kihonda_Moro alijibu:

Mkuu, wakala usimpe hata mia. Chuo cha kweli kina ukurasa wake wa maombi, unajisajili mwenyewe, unalipa ada ya maombi kwa chuo chenyewe.

Mimi nasoma uzamivu Huria kwa njia ya tasnifu. Hakuna madarasa kama yale ya uzamili. Kazi yote ni wewe, msimamizi na andiko lako. Faida yake unaijua: unabaki na mshahara, familia haihami, na kituo cha Huria kipo hapo hapo Iringa. Ugumu wake ni upweke. Kesi ya mtoto ikiingia saa kumi jioni, sura uliyopanga kuiandika usiku huo haiandikwi, na hakuna mwanafunzi mwenzako wa karibu wa kukuuliza umefikia wapi. Mimi nimejiwekea alfajiri kabla watoto hawajaamka, na msimamizi nampelekea kitu kila mwisho wa mwezi hata kama ni kurasa chache. Bila utaratibu wa namna hiyo miaka inapita.

Ada unajilipia mwenyewe mara nyingi, hilo lipange mapema na shemeji.

---

Mwalimu_wa_Ustawi alijibu:

Mdogo wangu, pole na kazi. Nimekuwa afisa ustawi Mwanza kwa miaka kabla sijaingia kufundisha, na uzamivu nilisomea Afrika Kusini, kwa hiyo nakujibu nikiijua hiyo fomu unayoisema na hilo dole gumba la bibi.

Kuna kitu kimoja umeandika ambacho nakuomba usikipoteze: jalada linasema "ameunganishwa" na binti hayupo. Maombi yako yote yako hapo. Wengi huanza na ufadhili, wakatoka hapo kwenda kwenye chuo, kisha msimamizi, na swali la utafiti wanalitunga usiku wa mwisho dirisha linapofungwa. Msomaji wa maombi analiona hilo kwenye aya ya kwanza. Wewe anza na swali, kisha mtafute mtu anayeweza kukusimamia kwa swali hilo. Chuo na nchi vitajileta vyenyewe kwa kumfuata huyo mtu, na fedha utaitafuta ukiwa na la kuwaeleza wafadhili.

Sasa hiyo DSW. Ni shahada halali, wala tusiidharau. Inawalenga wanaoongoza huduma: mkuu wa kituo, msimamizi wa programu, mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia na kijamii. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilianzisha ya kwake 2007, na vingine vingi Marekani vikafuata, vingi kwa njia ya mtandao. Kwa sehemu kubwa mwanafunzi hujilipia. PhD inakufundisha kutafiti: kuuliza, kukusanya, kuchambua, kutetea ulichokiona mbele ya watu wanaokibishia. Wewe umesema unataka kujua wale mabinti wamefikia wapi. Hilo ni swali la PhD. Anayekuuzia "bila utafiti mzito" anakuondolea kile kile unachokitafuta. Na kwa shahada yoyote ya nje, kabla hujalipa, waulize TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kama chuo hicho na namna hiyo ya kusoma vinatambuliwa. Ukitaka kuja kufundisha chuoni, swali la kwanza utakaloulizwa ni hilo.

Majalada. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nawaona maafisa wenzetu wakiliparamia jambo hili. Majalada yale si data yako. Binti yule alikueleza aliyokueleza kama afisa wake, siku aliyokuwa hana pa kwenda, hakukueleza kama mtafiti. Hakuna aliyemuuliza kama anaridhia habari zake ziandikwe kwenye tasnifu. Kuyafungua kwa ajili ya utafiti kunahitaji kibali cha maadili cha chuo na ruhusa ya mwajiri anayeyamiliki, na hata ukivipata, majina, vijiji na chochote kinachomtambulisha mtoto vinaondolewa. Ukitokea chuo cha nje utahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha barua inashuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, kata hadi kijiji. Liandike hili waziwazi kwenye andiko lako la kuombea utafiti. Pia andika utafanya nini iwapo binti unayemhoji atakueleza kwamba bado anapigwa. Je, utabaki mtafiti au utakuwa afisa? Sheria ya Mtoto ya 2009 haikuruhusu kunyamaza. Mwombaji aliyekwisha kulifikiria hilo anasomwa kwa jicho jingine kabisa.

Kwenye uzito wa swali lako: utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7 hivi, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takwimu hizo zilitikisa serikali, na kazi kubwa ikafuata, ikiwemo MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wa 2017/18 hadi 2021/22 na zile kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi vijijini. Lakini utafiti wa namna ile unapima ukatili. Haumfuati mtoto mmoja mmoja baada ya afisa kufunga jalada. Pengo lako ndilo hilo, na wewe umelishika kwa mkono.

Barua pepe kwa msimamizi iwe fupi. Soma kwanza makala zake mbili tatu, kwa kweli uzisome. Aya ya kwanza, wewe ni nani na umekutana na nini kazini. Ya pili, swali lako na namna linavyogusana na kazi yake, ukitaja makala ipi na hoja ipi. Ya tatu, unaomba nini: kama anapokea wanafunzi na kama atakubali kusoma andiko la kurasa mbili. Usiambatishe vyeti vyote tangu kidato cha nne. Pa kuanzia kutafuta majina ni mradi wa PROSOWO wa kukuza taaluma ya ustawi wa jamii Afrika Mashariki, ulioanza 2011 ukiwaunganisha Makerere, Nairobi, Kijitonyama, chuo kikuu cha Rwanda na chuo cha Carinthia cha Austria, baadaye na Burundi. Waliotafiti humo wanaijua kazi yetu ilivyo huku: afisa mmoja, kata nyingi, pikipiki isiyo na mafuta. Hutahitaji kuwaeleza kwa nini hukurudi kwa bibi mapema.

Afrika Kusini kwa kifupi: Johannesburg, Pretoria, Stellenbosch, KwaZulu-Natal, wote wana idara za ustawi wa jamii zinazotoa uzamivu kwa utafiti. Unapokelewa kwa nguvu ya andiko na kuwepo kwa msimamizi, ndiyo maana nimeanza na hayo. Vyeti vya Tanzania vinahitaji kutathminiwa na SAQA, mamlaka yao ya sifa za elimu, na hilo lianze mapema kwa sababu linasubiriwa na mengine. Viza ya masomo inataka bima ya afya ya kule kule na cheti cha polisi. Huingii na ile ruhusa ya mgeni wa kawaida ukategemea kubadilisha ukiwa ndani.

Kuna na Sweden, ambayo watu wetu huisahau. Kule mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa: nafasi inatangazwa kama kazi, una mshahara, hulipi ada, na masomo yenyewe ni ya miaka minne. Göteborg, Lund, Stockholm na Umeå wote wana ustawi wa jamii. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, ila mwenye mke na watoto asiipite bila kuitazama. Uingereza kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa PhD, na Tanzania imo kwenye nchi zinazolengwa.

---

Wanjala_Missouri alijibu:

Mwalimu amesema mengi, niongezee upande wa Marekani kwa kuwa niko huku. Mimi ni wa Bungoma, nilifanya kazi na shirika la watoto Kisumu kabla ya kuja.

Ndugu yangu, hapa mpangilio ni tofauti kidogo na Afrika Kusini. Huji na andiko lililokamilika. Unaanza na masomo ya darasani kwa kama miaka miwili, takwimu, nadharia, mbinu za utafiti, kisha mtihani mkubwa, ndipo tasnifu. Wengi humaliza kwa miaka minne hadi sita. Kwa PhD, vyuo vingi vikubwa vinakusamehe ada, vinakupa posho na bima ya afya, nawe unafanya kazi ya utafiti au ufundishaji, mara nyingi saa 20 kwa wiki. Ukipewa nafasi isiyo na ufadhili, fikiri mara mbili, na uwaulize wanafunzi waliopo kama posho inatosha kodi ya nyumba.

Wanataka uwe na uzamili wa ustawi wa jamii au fani ya karibu, na programu nyingi hupenda uwe umefanya kazi miaka miwili au zaidi baada ya hapo. Hapo wewe uko sawa kabisa. Madirisha mengi hufungwa kati ya mwanzo wa Desemba na Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba mwaka unaofuata. Majibu huja kati ya Februari na Aprili, na vyuo vingi vinakupa hadi tarehe 15 Aprili uamue kuhusu ufadhili. GRE, ule mtihani wa kuombea nafasi za uzamili na uzamivu, vingi vimeiacha. Mtihani wa Kiingereza vingine husamehe kama ulisoma kwa Kiingereza, uliza. Ada ya maombi pia huweza kusamehewa ukiandika kuomba kabla ya kutuma.

Usidhani ukija huku itabidi utafiti mambo ya Wamarekani. Profesa Fred Ssewamala, Mganda aliyepitia Makerere, anafundisha Washington University hapa St. Louis, na kwa miaka mingi amefanya utafiti Uganda, upande wa Masaka, kuhusu akaunti za akiba kwa watoto waliofiwa na wazazi na namna zinavyogusa elimu na afya yao. Soma kazi zake hata kama hutaomba hapa. Utaona swali la mtoto wa kijijini linavyogeuzwa kuwa utafiti unaofuatilia watoto wale wale kwa miaka, ambacho ndicho unakitaka.

La familia nalisema kwa uzito. Mke akija kwa viza ya F-2, ile ya familia ya mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi. Posho ya mtu mmoja ikilisha watu wanne ni mateso, nimewaona wenzangu. Na kanuni za viza zimekuwa zikibadilika sana tangu 2025, kwa hiyo soma tangazo la ubalozi la siku hizo kabla hujalipa hata senti ya maombi.

Mimi nitatofautiana na mwalimu hapa tu: kwa Marekani usimsubiri msimamizi akukubali kwanza. Programu nyingi huamua kwa kamati, na profesa anaweza kukujibu kwa upole bila kuahidi chochote. Mwandikie, ndiyo, lakini tuma maombi.

---

Afisa_Iringa alijibu:

Nimewashukuru sana, Mwalimu, kaka Wanjala na ndugu yangu wa Kihonda. Wakala nimemwambia hapana. Habari ya majalada imenikalisha chini, nilikuwa nimeshaanza kuandika orodha ya kesi kwenye kompyuta na nimeifuta.

Nimezungumza na mke wangu. Amesema tujaribu Afrika Kusini na Sweden, na Huria ibaki mlango wa nyumbani. Naomba mniangalizie swali: "Athari za ajira ya kazi za ndani kwa watoto wa kike mkoani Iringa." Na wadhamini watatu wa kuniandikia barua za mapendekezo niwatoe wapi? Mkuu wangu wa idara yuko tayari kuniandikia.

---

Mwalimu_wa_Ustawi alijibu:

Hongera kwa kuifuta hiyo orodha, na msalimie mkeo. Mtu anayepanga na wewe kabla hujaondoka ni msaada kuliko ufadhili.

Swali hilo hapana. Athari za ajira kwa watoto wa kike linaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika Kilolo. Wewe ulisimama stendi ukampokea mtoto. Jaribu hivi: "Nini huamua iwapo binti aliyerudishwa kwa familia yake kutoka kazi za ndani atabaki nyumbani au ataondoka tena?" Sasa ndani yake mna mambo ya kutafuta. Alirudishwa kwa nani, mama au bibi? Nyumba ile imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini au haimo? Alirudi shuleni au umri wa darasa ulikuwa umempita? Kamati ya kijiji ilimtembelea? Mshahara aliokuwa akiutuma ulikuwa unanunua nini, na ulipokatika nani alilaumiwa? Na mabinti wenyewe wanaliitaje lile tukio sisi tunaloliandika "kuunganishwa"? Huenda kwao kurudi Dar ni uamuzi wa mtu mzima anayeijua hesabu ya nyumbani kwao. Uwe tayari kulisikia hilo, maana likitokea litakupinga wewe na fomu yako, na tasnifu nzuri hukubali kupingwa.

Andika kurasa mbili, unitumie kwa ujumbe wa faragha, nitazisoma.

Wadhamini: wawili wawe walimu waliosoma maandishi yako. Wa kwanza awe msimamizi wa tasnifu yako ya uzamili, kwa lazima. Mkuu wa idara awe wa tatu, na asikuandikie barua ya tabia njema tu, ya "ni mchapakazi na mwaminifu". Mwombe aeleze kesi moja uliyoishughulikia hadi mwisho, uliamua nini na kwa nini. Kila mmoja mpe wasifu wako, andiko lako na tarehe ya mwisho iliyo wiki mbili kabla ya ile ya kweli, umkumbushe kwa adabu.

Na ruhusa ya masomo usiiache mpaka upate barua ya udahili. Omba sasa jina lako liingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, kabla bajeti ya Julai haijafungwa. Barua ipitie kwa mkuu wa idara kwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji, upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, uitunze. Namfahamu mwenzetu mmoja aliyepata nafasi yenye ufadhili kamili, akaikosa kwa sababu jina lake halikuwa kwenye mpango na barua yake ilikaa masjala hadi muhula ukaanza.